Namna ya kuisoma ardhi ya mikoko maji yakipwa

Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa hapo bahari hujaa sana, kisha hupwa hadi mbali na kuiacha wazi ardhi isiyoonekana wakati wa maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo. Katika ghuba kama ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, anzia upande wa bahari uelekee bara, ukiwa na kijiti na viatu visivyong'oka topeni.

Miti ya kwanza kukutana nayo ni mililana, aina ya mikoko yenye mizizi ya kupumulia iliyosimama wima. Choma kijiti nje ya mizizi, kisha katikati yake, ulinganishe: nje mara nyingi ni mchanga, ndani ni tope laini, kwa sababu mizizi huyapunguza maji kasi na maji yaliyotulia hayawezi kuendelea kubeba chembe ndogo. Tope likiinuka, mikoko hupata pa kushika. Kwenye kona ya hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani ya mikoko, utaona kazi hiyo ikibomolewa: ukingo wa nje umeliwa na mkondo, mizizi inaning'inia, ilhali ukingo wa ndani unapokea tope jipya na miche.

Kwa kaa usiwe na haraka. Keti kimya karibu na matundu yao, nao watatoka baada ya dakika chache, wengine wakiburura majani hadi mashimoni. Matundu hayo huingiza hewa katika tope, na maji yanapojaa hupita humo na kuisuuza chumvi iliyokusanyika kwenye mizizi. Kwa maoni yangu, anayehesabu miti bila kutazama matundu ameona nusu ya msitu.

Ukikaribia bara, mikandaa, aina nyingine ya mikoko, huwa mifupi, kisha hufuata michu midogo, nayo ni mikoko, ambayo majani yake, ukiyalamba, yana chumvi. Mbele yake huenda ukakuta uwanja mtupu. Usikimbilie kusema miti yake imekatwa. Tafuta visiki kwanza. Visipokuwapo, yaelekea ardhi hiyo hufikiwa na bamvua pekee, na katikati ya bamvua mbili jua hukausha maji na kuacha chumvi kali kuliko ya bahari yenyewe.

Geuka kurudi kabla maji hayajaanza kujaa, maana hujaza hori kwanza, na huenda hori ulilolivuka kwa miguu likawa limekukatia njia hali uliposimama bado ni pakavu.