Jinsi ya Kumiliki Gari la Michezo la Viti Viwili Ukiwa Malindi

Kabla hujauliza bei wala hujafungua boneti, hesabu watu wa nyumbani kwako. Mjini Malindi gari huwa la ukoo mzima: ndilo litakalompeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane, litakalobeba masufuria ya pilau siku ya harusi, na litakalowafikisha wazee mazikoni Mambrui au Gede. Aliyenunua gari la viti viwili amekwisha kuyakataa maombi mengi ya aina hiyo bila kufungua kinywa, na ni vyema alijue jambo hilo mapema, kwa kuwa injini iliyoharibika ina fundi wake, lakini shangazi aliyeachwa barazani hana.

Mimi nililijua wiki ya kwanza. Nilisimama mbele ya nyumba ya shangazi yangu mtaani Shela, naye akatoka na kikapu chake, mjukuu akimfuata nyuma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia niwapeleke mtaa wa Barani. Aliinama akachungulia dirishani, akatazama nyuma ya viti, akanyanyuka polepole.

"Mwanangu, kiti cha nyuma umekiuza?"

"Hakikuwapo, shangazi. Limeundwa hivi."

"Basi ulipunjwa."

Ilinibidi niwalipie tuktuk, nikawafuata nyuma hadi Barani nikiwa peke yangu ndani ya gari langu jipya. Usijaribu kulitatua tatizo hili kwa kumpakata mtoto mapajani mwa abiria: gari la viti viwili lina mikanda miwili tu ya usalama, na mfuko wa hewa ulio kwenye dashibodi hufumuka kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto mchanga aliye mbele yake. Ushauri wangu ni kwamba gari hili liwe la pili nyumbani, au, kama ndilo la pekee, utenge kila mwezi fungu la nauli za tuktuk za watu wako na ulihesabu kuwa sehemu ya gharama za gari.

Ukiisharidhika na hilo, tafuta gari ambalo spea zake zinapatikana. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia; kwa hiyo magari ya zamani utayapata tu kwa watu walio nayo hapa nchini tayari. Linalojulikana zaidi ni Mazda MX-5, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, kisha Mazda Roadster. Kufikia mwaka 2016 yalikuwa yamekwisha kutengenezwa magari milioni moja ya aina hiyo, na wingi huo ndio unaofanya spea zake, hata zikiagizwa kutoka ng'ambo, zisiwe za kuchosha kuzitafuta. Toleo la kwanza lina dirisha la nyuma la plastiki, ambalo kwa jua letu hugeuka manjano na kupasuka, ilhali toleo la pili, lililoanza mwaka 1998, lina kioo. Toleo la tatu, la mwaka 2005, lilipata injini ya lita 2.0 na baadaye paa gumu linalojikunja kwa umeme, kwa aliyelitaka. Paa hilo ni zuri likiwa zima, ila mimi nimezoea turubai, ambalo hufunguliwa kwa mkono mmoja wakati taa za barabarani zikiwa nyekundu, ingawa Malindi taa hizo hazituchelewishi mara nyingi.

Toyota MR-S, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2007, ina faida moja kubwa kwa Mkenya: injini yake ya 1ZZ-FE, ya lita 1.8, ndiyo iliyofungwa pia kwenye Toyota Wish ya kwanza, gari ambalo kila gereji ya Pwani imeshalifungua na kulifunga. Hasara yake ni kwamba injini imekaa nyuma ya viti, hivyo buti halipo kabisa ila kijisanduku nyuma ya migongo yenu, na baadhi ya magari hayo yana gia zisizo na pedeli ya klachi, zinazoendeshwa kwa mfumo wa haidroliki ambao ukiharibika unaweza kukusumbua kuliko injini yenyewe. Tafuta lenye klachi ya kawaida.

Unapokagua Mazda la zamani, piga magoti. Gongagonga kwa kidole bati la chini ya mlango, hasa mbele ya tairi la nyuma, kwa sababu hapo ndipo kutu huanzia. Likitoa mlio mzito au likibonyea, bati limeliwa kwa ndani hata kama rangi inang'aa. Nyanyua zulia lililo nyuma ya viti na ulinuse kama lina uvundo wa maji. Ulizia lini mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali za injini kwa mpangilio, ulibadilishwa, kwani injini za matoleo mawili ya kwanza huutaka mpya kila kilomita 100,000 hivi. Mwisho, keti ndani mlango ukiwa umefungwa, ukiwa umevaa nguo unazovaa kila siku. Anayevaa kanzu atagundua kuwa haingii gari hili kwa kutanguliza mguu: huketi kwanza, kisha akaingiza miguu yote miwili pamoja, na anayevaa buibui lazima alikusanye lote mapajani kabla mlango haujafungwa, la sivyo pindo litaburura lami hadi Watamu.

Sasa nije kwenye maji, maana Malindi gari huharibiwa na maji kuliko mwendo. Hewa ya bahari ina chumvi, na visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi pia, hivyo kijana anayeliosha gari lako kwa ndoo ya kisimani analipaka upya kile alichokusudia kukiondoa. Lioshe kwa maji ya bomba au ya mvua uliyoyakinga, na uelekeze mpira wa maji chini ya gari na ndani ya matao ya matairi, ambako hakuna anayekuona ukitaabika. Turubai lisuguliwe kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, wala usilikunje likiwa bichi, kwa kuwa litaota kuvu.

Kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai la MX-5 hukusanywa kwenye mfereji ulio nyuma ya viti, kisha hupita katika mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari. Mji wetu umejaa mivinje, na vijani vyake vyembamba kama sindano huingia humo bila kizuizi, vikashikana na vumbi vikawa kizibo. Masika yangu ya kwanza sikulijua hilo. Nilisikia maji yakichezacheza nyuma ya kiti kila nilipokata kona, nikadhani ni chupa iliyoanguka. Nilipolinyanyua zulia lilikuwa zito kama taulo lililotolewa baharini. Dawa yake ni kipande cha mshipi mnene wa kuvulia, mita moja na nusu hivi, ukiuchoma ncha kwa kibiriti ili isichubue, kisha ukiupitisha taratibu kutoka juu huku ukimimina kikombe cha maji hadi uyaone yakitiririka chini. Usitumie waya, kwani utatoboa mrija na maji yataingia palepale ulipotaka yasiingie. Fanya hivyo kabla ya masika na kabla ya vuli, na kama unaegesha chini ya mvinje, kila mwezi. Mnazi nao uuepuke. Sababu yake haihitaji maelezo.

Betri ya matoleo mawili ya kwanza imo ndani ya buti, na iliyotoka nayo kiwandani ni ndogo, ya aina iliyofungwa, yenye kijimrija cha kutolea gesi nje. Ukiuziwa betri ya kawaida isiyo na kijimrija hicho, gesi na mvuke wa asidi vitabaki butini na kuanza kula bati. Mweleze pia fundi mahali pa kutia jeki kabla hajaliinua gari, na usimame hapo hapo. Fundi mmoja alilitia jeki langu kwenye bati jembamba badala ya sehemu iliyoimarishwa, ukingo ukajikunja, naye akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ulikuwa hivyo tangu zamani.

Gari hili limeinuka kutoka ardhini kwa sentimita 13 hivi, chini ya shubiri moja, na mkiwa wawili hushuka zaidi. Matuta ya Gede na Matsangoni hayakujengwa kwa ajili yake. Funga breki mapema, uziachie kabla tairi la mbele halijagusa tuta, kwa sababu gari linalofunga breki huinamisha pua. Kisha, kama barabara iko wazi, likate tuta kimshazari, tairi moja baada ya jingine. Wenye matatu watapiga honi. Waache wapige. Penye mchepuko wa vumbi uliojaa mawe, geuza urudi, na usione aibu. Ikumbukwe pia kwamba kichwa chako kimekaa usawa wa matairi ya lori, hivyo dereva wake hakuoni akiwa karibu nawe, na usiku taa za kila gari hukuingia machoni. Safari ndefu zifanywe mchana, taa za mbele zikiwa zimewashwa. Toleo la tatu na la nne hayakuja na tairi la akiba, kwa hiyo angalia kama dawa ya kuziba tundu na pampu vimo ndani kabla hujaondoka mjini.

Baada ya taabu zote hizo mtu ataniuliza kwa nini basi nisinunue Toyota Probox, gari la kubebea watu na mizigo. Jibu langu ni safari ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuelekea Gede, kisha kukata kushoto kwenda Watamu, kama kilomita 25 kwa jumla, paa likiwa wazi. Unapita kwenye harufu ya mkaa unaowashwa, halafu ya mahamri, halafu ya majani mabichi. Ukinyoosha barabara ya Kilifi badala ya kukata, msitu wa Arabuko-Sokoke uko mkono wa kulia, na ubaridi wake unausikia shavuni upande huo tu. Gia ni fupi, mkono hausogei zaidi ya upana wa kiganja. Gari lina uzito wa tani moja hivi, kwa hiyo hata kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo halali mjini, unahisi kila unachokifanya. Miezi ya Julai na Agosti, kusi likivuma, unaweza kukaa wazi karibu kutwa. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, funga paa kuanzia saa tatu hadi saa kumi na utandike kikoi kwenye viti vya ngozi.

Paa likiwa wazi, jua pia kwamba umekuwa kama mwenye baiskeli: hakuna kioo cha kujifichia, na mzee aliyeketi barazani ambaye hukumwamkia atakuulizia kwenu kabla ya magharibi. Punguza mwendo, salimu. Na alasiri ya Idi panga zamu ya watoto waliokwisha kuwa na kimo cha kufunga mkanda, mmoja mmoja, kutoka nyumbani hadi ufukweni na kurudi. Mwaka jana zamu zangu zilifika kumi na moja.

Kwa mizigo, buti la MX-5 ni la lita 120 hadi 150 hivi kutegemea toleo, hivyo bale la unga litaingia, lakini mtungi wa gesi wa kilo 13 hausimami humo, na gesi haisafirishwi ikiwa imelazwa. Samaki nguru mzima nimemwona akisafiri kwenye kiti cha abiria, amefungwa mkanda. Anayekwenda Lamu ataliacha gari Mokowe, gati la upande wa bara, kwa kuwa kisiwani mwendo ni zaidi wa miguu, wa punda na wa mashua. Asiache begi lolote ndani, kwa sababu turubai hukatwa kwa kisu kidogo tu.

Siku utakapoamua kuuza, tafuta mnunuzi Mombasa au Nairobi, mwambie aje na mkewe ili waketi wote wawili kabla ya kuzungumza bei, na umwonyeshe risiti za kila kilichobadilishwa. Mkiisha kuhamisha umiliki kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkabidhi funguo zote mbili pamoja na ule mshipi wa mita moja na nusu, umeukunja ndani ya buti.