Ekstensheni inanuka kuungua? Vile utaikagua, na pa kupeleka ile mbovu

Wiki jana jirani yangu hapa Nyalenda, Kisumu, alinigongea saa mbili usiku: "Kijana wangu, kuja uangalie hii waya, nyumba yote inanuka plastiki." Nikabeba testa na bisibisi nikijua ni kazi ya dakika kumi. Nilitoka huko saa tano. Naandika vile tulifanya ndio yako isikumalizie usiku.

Hatua ya 1: Zima ukutani, chomoa plagi. Kama kuna UPS (ile boksi ya betri inashikilia stima ikipotea), izime kivyake na uchomoe kila kitu kimeingia kwake, juu UPS huendelea kutoa 240V hata meni ya nyumba ikiwa imezimwa.

Hatua ya 2: Fungua plagi. Brauni iko upande wa fyuzi, bluu ile ingine, kijani na manjano inaenda athi. Kaza skrubu. Ukipata mtu amefunga karatasi ya sigara badala ya fyuzi, toa saa hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta joto linatoka wapi. Hapa ndio masaa yangu yaliishia. Nilibadilisha plagi, tukawasha, harufu iko. Nikabadilisha ile boksi ya soketi, harufu bado iko. Kumbe waya imepita chini ya kapeti ya plastiki na katikati iliwahi kukatika, mtu akasokota waya kwa waya akafunga tepu nyeusi akasahau. Tulipoinua kapeti ile tepu ilikuwa imelainika kama lami, inavutika, na kapeti imeshika doa la rangi ya chai ukubwa wa kiganja. Watoto wake wawili hulala hapo hapo.

Waya zikigusana kidogo tu, stima yote inapitia hapo padogo na joto linarundikana hapo, huku plagi imebaki baridi kabisa, ndio maana nilidanganyika. Kwa hivyo anza hivi: toa waya yote nje, chini ya kapeti, nyuma ya kabati, uinyooshe sakafuni. Ukiona pahali imeungwa, imepasuka ama imeyeyuka, wacha hapo, usiipime, hio imeisha. Kama inakaa mzima, weka pasi kwa dakika tano ukiwa umesimama hapo, zima, CHOMOA, halafu pitisha vidole toka mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa na joto sawasawa kote, waya ni nyembamba kwa hio kazi. Ikiwa na joto pahali pamoja, shida iko hapo. Angalia pia meno ya plagi, jino likiwa limebadilika rangi mara nyingi ni soketi ya ukuta imelegea, na hapo hata ununue ekstensheni ngapi zitaungua tu, ita fundi wa stima ako na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi. Na kama ni ile ya kuzungushwa kwa gurudumu, ifungue yote kabla ya kuweka mzigo, ikiwa imejiviringa inapika joto ndani yake.

Hatua ya 4: Usiunge, nunua nyingine. Najua mafundi wenzangu wataniambia tepu nzuri inashika, mimi sikubali, si kwa waya inakanyagwa. Chukua ya waya tatu, 1.5 mm². Kabla ulipe, kwaruza ncha na kisu: ikitoa rangi nyeupe ndani hio ni aluminiamu imepakwa kopa. Sumaku ikishika, ni chuma. Rudisha. Na kumbuka 13A ya plagi ni kama wati 3,120 kwa jumla, birika ya stima na pasi pamoja zinamaliza hio yote.

Hatua ya 5: Ile mbovu. Kata plagi kwanza, mtu asiiokote akaitumia. Waya ichune na kisu, usichome. Najua kopa inatoka haraka kwa moto, lakini lile ganda la PVC likiungua linatoa gesi ya asidi na sumu inaitwa dioksini, na kwa ploti zetu zimebanana moshi unaingia moja kwa moja kwa nyumba ya jirani. Muulize mtu wa skrapa vile yeye hutoa kopa, akisema anachoma, mpelekee mwingine.

Betri ya UPS ama ya sola ndio usicheze nayo kabisa, ndani ni risasi (ile metali, lead) na asidi. Usifungue, usimwage asidi kwa mtaro, hapa kwetu mitaro inaishia ziwani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia watu sumu ya risasi, na mwaka wa 2020 korti ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Watoto ndio huumizwa zaidi na risasi, hata kidogo tu. Uliza kwa duka unanunua mpya kama wanachukua nzee, ama ipeleke WEEE Centre Nairobi, pahali wanachukua taka za stima, pamoja na vifaa vingine vya stima. Maikrowevu usiifungue hata kama imekufa, kapasita yake, kile kifaa cha ndani kinaweka stima, inaweza kuwa bado imeshika chaji ya kuua.

UPS ya jirani pia ilikuwa imekufa, betri imefura. Saa hii hio betri iko kwangu kwa beseni ya plastiki, imesimama, vichwa nimefunga tepu, inangoja nikipanda Nairobi mwisho wa mwezi.