Kufufua TEAC A-3340S: safisha kwanza, kulehemu kuje mwisho

Hizi mashine za riili za traki nne, za kurekodi sauti kwenye tepu, bado zipo, ziko stoo za watu, ziko kwa wanamuziki wa zamani, na zikifika kwangu mara nyingi zimeshafunguliwa na mtu aliyekimbilia kubadilisha vipuri kabla hajajua kilichoharibika. Naomba usifanye hivyo. Naelezea kwa A-3340S maana ndo niliyoishika sana: tepu ya robo inchi, riili mpaka za inchi 10.5, spidi mbili, inchi 7.5 na 15 kwa sekunde, na vichwa vitatu, kuanzia kushoto ni cha kufuta, cha kurekodi, cha kusoma. Hilo la vichwa lishike, tutalirudia.

Hatua ya 1, umeme. Usichomeke kwanza. Angalia ni ya volti ngapi, zilizotoka Marekani ni 117, ukiipa 230 yetu umeiua. Ikiwa imelala miaka mingi, unga siriz na balbu ya zamani ya wati 100, ikiwaka kwa nguvu na isififie kuna shoti, chomoa.

Halafu kuna hertz, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Transfoma ya kushusha umeme inashusha volti tu, hertz haigusi, na mota ya kapstani (kijiti cha chuma kinachozunguka na kuvuta tepu) ya mashine hii inafuata hertz. Marekani ni 60, huku ni 50, kwaiyo inchi 15 inakuwa 12.5 na muziki unashuka semitoni tatu na kidogo. Kuna mzee mmoja mpiga gita aliletewa mashine na mwanae kutoka huko, kaweka tepu zake za ujanani, sauti inatoka nzito, nyimbo zinajivuta, fundi wa kwanza kabadilisha rola ya mpira inayobana tepu kwenye kapstani, kabadilisha belti, hamna kitu. Ilikuwa puli ya mota tu. Puli ya 50 ni nene kuliko ya 60 kwa karibu asilimia 20, unaweza kuchongewa na fundi mwenye leithi mzuri, ila lazima iwe duara kamili maana ikiyumba kidogo tu sauti nayo inayumba. Na kapasita ya mota nayo fuata manyuali inavyosema kwa 50.

Hatua ya 2, usafi. Spiriti ya isopropili ya 99% na pamba za masikio, pitisha kwenye vichwa, nguzo za kuongoza tepu na kapstani mpaka pamba itoke nyeupe. Rola ya mpira usiilowanishe spiriti, itakauka na kupasuka, tumia maji na sabuni laini uikaushe. Ikiwa imeng'aa na ngumu kama plastiki, tafuta nyingine. Belti iliyolegea au kuyeyuka toa, futa ule utelezi wote kwenye puli.

Baada ya hapo toa sumaku kwenye vichwa. Mashine iwe imezimwa na tepu zako ziwe mbali. Washa kitoa sumaku ukiwa mbali, sogea polepole, pitisha, rudi polepole mpaka mkono uishe, ndo uzime. Ukikizima kikiwa karibu na kichwa umekiwekea sumaku zaidi ya uliyokuta.

Hatua ya 3, traki iliyokufa au inayokatika. Anza na waya za RCA, zile za kutoa sauti nyuma ya mashine, hamisha ya traki 2 kwenye 3, ukimya ukihama na waya basi waya ndo mbovu. Kama sio waya, weka tepu uliyo na uhakika nayo, sikiliza kawaida, halafu bonyeza kitufe cha Simul-Sync cha traki hiyo. Kwenye Simul-Sync mashine inasoma kwa kichwa cha kurekodi, kwaiyo traki ikifufuka hapo, ampu ni nzima, tatizo liko kwenye kichwa cha kusoma, waya zake au swichi. Ikibaki kimya kote kote, endelea mbele kwenye ampu. Kipimo hiki kinakuokolea siku nzima, na wala hujashika multimita!

Swichi ndo wakosaji wakubwa. Zima, puliza kontakti klina ndani kidogo tu, cheza nayo mara thelathini hivi, rudia. Usitumie WD-40 ya kawaida. Ikiwa traki inapasuka pasuka kama mafuta ya kukaangia hata tepu ikiwa imesimama, hapo sasa ni transista, na ukikuta 2SC458 ndani usiziamini, za Hitachi za miaka ile zinajulikana kwa kelele. Mi naweka KSC1845, kagua miguu kwenye datashiti kabla hujalehemu.

Hatua ya 4, azimathi, yaani kichwa kusimama wima sawasawa mbele ya tepu. Sauti ikiwa na giza hata baada ya usafi, kichwa kimeinama. Weka alama ya rangi kwenye skrubu ya kurekebisha kichwa kabla hujaigusa. Cheza tepu ya kupimia ya 10 kHz, changanya traki 1 na 4, zungusha kidogo kidogo mpaka mchanganyiko uwe na nguvu kuliko zote. Kichwa cha kusoma kwanza, cha kurekodi baadaye.

Tepu zenyewe sasa. Ikipiga kelele ya kukwaruza na kuacha utando kahawia kwenye vichwa, simamisha hapo hapo. Gundi yake imenyonya unyevu, Ampex 456 za zamani zina ugonjwa huu. Zinaokwa kwenye kikaushio cha chakula chenye kipimo cha joto, kama nyuzi 54 za Selsiasi kwa masaa 8, ziache zipoe zenyewe. Sio oveni ya gesi, sio maikrowevu. Na kwanza inua riili kwenye mwanga, ikipitisha mwanga ubavuni ni asiteti, aina ya plastiki ya tepu za zamani, hiyo usiioke kabisa. Tepu iliyookwa inanyonya unyevu tena, kwaiyo kabla hujaioka kadi ya sauti ya input nne iwe imeshaungwa na kompyuta, traki zote nne zinakiliwa kwa mpigo mmoja.