Kutafuta mtu wa kukuchorea upya chombo cha babu

Jamani nyinyi ambao kwenu kulikuwa na jahazi au mashua na sa hizi imebaki picha moja ukutani na stori za wazee, nawaandikia nyinyi. Sisi cha babu kilikuwa cha kisiwa cha Pate, huko Lamu, kiliozea ufukweni mimi bado mdogo, na nimehangaika miaka miwili kutafuta mtu wa kukirudisha, kwa hiyo haya ni mambo niliyoyaona kwa macho.

Kabla hujampigia mchoraji wala fundi simu, kaa na wazee wako kwanza, na usiwaulize kwa mita. Ukimuuliza shangazi chombo kilikuwa mita ngapi atakutajia namba yoyote ili asikuvunje moyo. Muulize kilikuwa kikipakia korija ngapi za boriti (korija moja ni boriti 20), mabaharia walikuwa wangapi, kikipwelewa kilikuwa kinalalia ubavu au kinakaa wima, maji yakimfika mtu kifuani kilikuwa kinaelea au bado. Washa simu urekodi, usiandike, maana ukianza kuandika wananyamaza. Mjomba wangu nilipomuuliza hivyo akainuka, akasimama mlango wa jiko akasema hapa fashini (mti wa nyuma kabisa), akaenda taratibu mpaka kwenye mpapai, akagusa shina akasema hapa hanamu (mti wa mbele unaokata maji). Tukavuta futi kamba, futi 34. Halafu nikarudi kwenye picha, kuna baharia kasimama kando ya mlingoti, nikamkadiria futi tano na nusu, nikapima chombo kwa urefu wake yeye, nikapata 33 na kitu. Mzee wa miaka 80 na picha ya zamani wakikubaliana hivyo basi una kitu cha kumpelekea mtu.

Picha yenyewe iskaniwe vizuri, usiipige kwa simu juu ya glasi. Angalia mbele: jahazi la Lamu hanamu yake imesimama karibu wima, la Unguja imelala kwenda mbele. Angalia nyuma: ikiwa imekatwa bapa hiyo ni jahazi au mashua, ikiwa imechongoka mbele na nyuma labda kwenu mlikuwa na dau. Hayo mawili tu yanakwambia fundi wako umtafute pwani gani, na mimi naliamini sana hili, chombo cha Lamu kipeleke kwa jicho la Lamu. Huku kwetu Lamu nenda kijiji cha Matondoni, ukitaka cha Unguja nenda Nungwi, ukifika usianze na bei, omba kuona chombo kinachojengwa na kingine alichokijenga miaka kumi nyuma ambacho bado kinafanya kazi. Kiangalie maji yakiwa yamekupwa ili uone tumbo lake na mkuku (ule mti mrefu wa chini kabisa), na muulize nahodha wake kinavuja kiasi gani, kinapindaje upepo ukiwa mkali. Nahodha hana sababu ya kumsifia fundi bure.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakosea, nami nilikosea. Mafundi wetu wengi hawachori, ramani iko kichwani na mikononi, kwa hiyo ukitaka michoro kamili na hesabu za uzito na jinsi chombo kitakavyosimama kwenye maji, unahitaji mtu mwingine, aliyesomea kuchora vyombo vya bahari. Mimi nilimlipa mmoja, sitamtaja, michoro ikaja mizuri ya rangi, nikampelekea fundi Matondoni. Aliitazama kidogo tu akaweka kidole kwenye mlingoti, akaniambia, "Mwanangu, huyu mlingoti wake unaangalia nyuma. Foromali utaiweka wapi?" Kweli bwana, foromali ndo ule mti unaobeba tanga, na mlingoti wa jahazi unainamia mbele, na yule kachora boti ya Ulaya kisha kavisha tanga letu. Pesa ilikwenda na miezi minne juu yake.

Kwa hiyo mchoraji ukimpata, kabla hujatoa hata shilingi mwambie akuchoree kwa penseli tu mlingoti, foromali na tanga, uone. Muulize kama yuko tayari kwenda kukaa na fundi siku tatu nne na futi yake apime chombo kilichopo. Anayesema picha zinatosha, achana naye. Anayekubali kwenda, hata kama hajawahi kuchora jahazi, mimi ningemchukua huyo. Na fundi naye muulize anaanza kupiga mbao za ubavuni au anaanza kusimamisha mataruma (mbavu za ndani za chombo), maana mchoraji lazima ajue hilo mapema, la sivyo michoro yake haitamsaidia fundi.

Fundi wa Lamu anaweza kukufanyia umbo lilelile hata kwa mali ngeni, lile jahazi la Flipflopi la 2018 lilijengwa hukohuko kwa plastiki ya taka, kama mita 9, na ukiliona unajua hili ni la kwetu. Sisi lakini tulitaka mbao.

Halafu waambie wakuchongee mfano mdogo, inchi moja kwa futi moja, kabla mti haujakatwa. Sio ile mifano ya kuuzia watalii, ile tanga huwa kubwa kupita kiasi. Sisi tuliupeleka kwa mjomba, akaushika, akapitisha kidole gumba ubavuni akasema hapa nyuma palikuwa pembamba zaidi. Tukachonga tena.

Mambo ya karatasi haraka haraka: mikoko ya mataruma haikatwi ovyo, hakikisha fundi ana kibali, na kama utabeba abiria ongea mapema na wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini: Kenya ni Kenya Maritime Authority, Tanzania bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA. Michoro iandikwe kwamba ni ya familia.

Malipo gawa: mkuku ukilazwa, mataruma yakisimama, mbao zikiisha, kalafati (kuziba nyufa za mbao) ikiisha. Fungu la mwisho lizuie hata baada ya kukishua, mpaka mzee mmoja wa kwenu apande, ashike usukani, aende nacho nje ya mlango wa bahari na kurudi.