Kumalizia Sehemu ya Ndani ya Mnara wa Kengele wa Kumbukumbu Chuoni

Kabla fundi hajapiga lipu, hakikisheni kengele zimekwisha kupandishwa na kufungwa kwenye fremu, kwa kuwa kengele nzito hupitishwa kwenye tundu la katikati ya sakafu, na tundu hilo lisipoachiwa mfuniko wa kufunguka, siku ya matengenezo mtalazimika kubomoa. Reli za ngazi zifuate. Kazi inayostahili subira kuliko zote ni ukuta wa majina ya marehemu: kila herufi ilinganishwe na kumbukumbu za chuo, kisha familia zisome nakala ya karatasi kabla patasi haijagusa jiwe, maana jina lililokosewa humuumiza upya aliyefiwa. Taa zimulike kutoka ubavuni, ili kivuli kiingie kwenye michongo na majina yasomeke.