Kisima cha watu wengi: ninavyokikagua

Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu, mkoani Arusha. Ukinionyesha kisima, kabla ya maji nauliza choo kiko wapi. Kiwe mbali angalau mita 30, tena kisikae upande wa juu wa mteremko. Penye mchanga au miamba yenye nyufa, sogeza zaidi.

Kisha piga magoti. Pitisha kidole pale sakafu ya saruji inapokutana na ukuta wa kisima. Ufa unaoingia ukucha unapitisha maji yaliyooshewa miguu na ndoo, na yote yanarudi chini mnakochota. Uzibe kabla ya masika. Mfuniko ukae muda wote. Ndoo ya kuchotea iwe moja, itundikwe, isilazwe chini kamwe. Mkiweza kununua pampu ya mkono, nunueni.

Maji maangavu yasiwadanganye, jamani. Shirika la Afya Duniani linataka pasiwe na E. koli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, na hilo huonekana maabara tu. Pelekeni sampuli, hasa baada ya mafuriko.

Mkitia klorini, subirini dakika 30 ndipo mpime: ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Maji ya tope yachujwe kwanza, maana tope hula dawa.

Huku kwetu kuna floraidi pia, madini ambayo yakizidi huharibu meno. Kuchemsha hakuiondoi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, watafutieni watoto maji ya chanzo kingine, kwani meno yao yangali yanajengeka.