Kuunga mota ya stepa iliyong'olewa kwenye printa na bodi ya draiva ya A4988

Mota ya stepa, yaani inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, iliyotoka kwenye printa au skana mbovu huja bila maelezo, na namba iliyopigwa mgongoni mara nyingi ni ya kiwanda tu, ukiitafuta hupati kitu. Hilo lisikusumbue. Ya lazima ni mambo mawili: waya zipi ni za koili moja (waya uliozungushwa ndani ya mota), na koili hiyo inavumilia mkondo kiasi gani. La kwanza utalijua kwa multimita, la pili kwa kuanza na mkondo mdogo na kushika joto la mota. Bodi hizi ndogo huungua zaidi mikononi mwa wanaounga kwanza na kupima baadaye.

Andaa bodi ya A4988 (draiva, inayopeleka mkondo kwenye koili za mota) pamoja na kipoza joto chake kidogo, Arduino au mikrokontrola (kompyuta ndogo ya kuongozea) nyingine yoyote, pawa saplai ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 2, kapasita ya mikrofaradi 100 iliyoandikwa volti 50, bisibisi nyembamba, bredibodi (kibao cha kuungia bila kulehemu) na waya za kuungia.

Anza kwa kuhesabu waya za mota. Zikiwa 4, kazi ni nyepesi: kuna koili mbili, kila moja ina ncha mbili. Weka multimita kwenye omu, upime waya mbili mbili. Jozi za koili moja zitaonyesha ukinzani, tuseme omu 8 au omu 30, na jozi nyingine zote hazitaonyesha kitu. Koili zote mbili zinapaswa kusoma karibu sawa. Moja ikisoma pungufu sana, mota hiyo ina shoti ndani, iache. Usiamini rangi wala mpangilio wa waya kwenye soketi. Kuna mota ambazo waya za koili moja hazikukaa jirani, moja ya kwanza na nyingine ya tatu, na ukizichomeka zilivyo utapata mngurumo bila mzunguko.

Waya 6 maana yake kila koili ina mchomozo wa katikati, yaani waya unaotoka katikati yake. Zitagawanyika makundi mawili ya waya tatu tatu. Ndani ya kila kundi, waya mbili zinazosoma ukinzani mkubwa kabisa ndizo ncha; iliyobaki, inayosoma nusu ya ule kwa kila upande, ndiyo ya katikati. Tumia ncha tu. Ile ya katikati ifunge utepe wa umeme, isiguse kitu. Waya 8 ni nusu-koili nne, ambazo utaziunga mbili mbili mfululizo au sambamba. Waya 5 ndizo zenye taabu, kwa kuwa vituo vya katikati vya koili zote mbili vimeungwa pamoja ndani, na A4988 haiwezi kuendesha mota ya namna hiyo. Itafutie bodi ya ULN2003, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo na hubeba hadi miliampea 500 kwa kila njia.

Huna multimita kwa sasa? Gusanisha waya mbili kisha zungusha shafti kwa vidole. Ikiwa nzito ghafla, umepata koili moja. Hata hivyo multimita utaihitaji mbele, kwa hiyo usiione njia hii kama mkato.

Sasa bodi, mota ikiwa bado pembeni. Pini ya VDD (umeme wa bodi yenyewe) iende kwenye volti 5 za Arduino, na GND (upande wa hasi) iliyo jirani yake iende kwenye GND ya Arduino. RESET na SLEEP ziunganishe zenyewe kwa zenyewe. RESET ikiachwa inaning'inia, bodi hulala na kuamka ovyo. STEP (inayopokea mapigo ya hatua) peleka pini ya 3 ya Arduino, DIR (ya mwelekeo) pini ya 4. ENABLE (ya kuwasha na kuzima) na MS1, MS2, MS3 (za kuchagua ukubwa wa hatua) ziache kwa jaribio la kwanza: bodi itakuwa imewashwa na itakwenda hatua kamili. Ukitaka mwendo laini baadaye, zote tatu za MS zikipewa volti 5 utapata hatua moja ya kumi na sita.

Pini za VMOT (umeme wa mota) na GND ya pili ni za saplai ya volti 12. Hapa ndipo kapasita inapokaa, miguu yake karibu kabisa na pini hizo mbili, alama ya hasi upande wa GND. Watu huiruka kwa kuwa bodi hufanya kazi bila hiyo, mpaka siku moja saplai inachomekwa na waya zake ndefu zinazaa msukumo wa voteji unaopita volti 35, kikomo cha chipu, ijapokuwa saplai yenyewe ni ya 12 tu.

Kabla ya mota kuungwa, weka kikomo cha mkondo. Washa volti 5 tu. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye GND, nyekundu kwenye chuma cha skrubu ndogo ya kurekebishia, usome volti. Kisha tazama vipande viwili vidogo vya ukinzani vilivyo kando ya chipu: R100 ni omu 0.1, R068 ni omu 0.068, R050 ni omu 0.05. Hesabu ni hii: voteji ya skrubu ni mara 8 ya mkondo unaoutaka, mara ukinzani huo. Kwa ampea 0.3 na R100 unahitaji volti 0.24, kwa R050, volti 0.12. Tofauti hiyo ya nusu kwa nusu ndiyo inayopika mota za wanaonakili namba ya bodi ya mtu mwingine.

Mota isiyojulikana ianze na ampea 0.3 au chini. Za skana huwa na koili za omu nyingi, na koili mbili za omu 30 zikipitisha ampea 0.4 kila moja hutoa joto la wati 9.6, mengi mno kwa mota ndogo. Kwa volti 12 koili hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya hapo hata ukikaza skrubu hadi mwisho, kwa hiyo ukiona kuongeza hakubadilishi kitu, umefika ukomo wa volti.

Zima umeme wote. Ncha za koili ya kwanza ziende 1A na 1B, za ya pili 2A na 2B. Ukigeuza ncha za koili moja, mota itazunguka upande wa pili tu, hakuna kinachoharibika. Washa, kisha tuma mapigo kwenye STEP: mikrosekunde 2500 juu, 2500 chini. Hayo ni mapigo 200 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kwa mota ya hatua za digrii 1.8. Mota nyingi za skana zina hatua za digrii 7.5, nazo zitazunguka mara nne na zaidi kwa sekunde.

Ikitetemeka papo hapo bila kuzunguka, jozi za waya zimechanganyika, au moja haijashika. Ikizunguka polepole lakini ikikwama unapoharakisha, umeongeza kasi ghafla mno, panda taratibu. Ikienda, ikasimama, ikaenda tena kila baada ya sekunde chache, chipu imepata moto na inajizima: bila kipoza joto usivuke ampea 1. Ikiwa kimya kabisa na shafti ni nyepesi, kagua RESET na SLEEP, kisha GND ya saplai kama kweli imeungana na ya Arduino.

Acha izunguke dakika 15, uishike. Ikiwa vuguvugu na nguvu haitoshi, ongeza volti 0.05 kwenye skrubu na urudie. Ikiwa huwezi kuacha kidole juu yake kwa sekunde tano, punguza. Ukipima mkondo wa koili kwa ampmita katika hatua kamili utasoma kama asilimia 70 ya kikomo ulichoweka, na ndivyo chipu inavyofanya kazi. Usipime kwenye waya wa saplai, mkondo wa pale si wa koili. Na waya za mota usizichomoe wala kuzichomeka umeme ukiwa umewaka, hata mara moja. Koili inapokatwa ghafla hurudisha voteji kubwa na bodi hufa hapo hapo.